Tochi isiyoaga: Kikundi cha wakulima wa zabibu kilivyohama kutoka mawe ya tochi kwenda betri za kuchaji

Kisa hiki kinatoka kwenye kikundi cha wakulima wa zabibu nje kidogo ya jiji la Dodoma. Nimeondoa jina la kikundi, kijiji, mwaka na majina ya watu wote, na wenyewe wameridhia kiandikwe. Mimi ni fundi umeme waliyeniita kuwashauri tangu siku ya kwanza, kwa hiyo baadhi ya makosa mtakayosoma humu ni yangu.

## Usuli

Wakulima hawa wana mashamba yanayopakana, na kwa pamoja wameajiri walinzi 8 wa usiku. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na wiki tatu za mwisho kabla ya kuvuna ndizo zinazowakosesha watu usingizi. Mwizi mwenye kisu na viroba viwili anaweza kumaliza mstari mzima kabla jogoo hajawika.

Mlinzi huingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi. Kazi yake si kukaa langoni. Anatembea katikati ya mistari ya nguzo na waya, gizani, kwenye vumbi, na mara nyingi peke yake. Waya wa kati uko usawa wa kifua, wa juu usawa wa uso. Moma naye hupenda kujilaza kwenye njia iliyotunza joto la mchana, na hamkimbii mtu kama nyoka wengine. Kwa mlinzi wa shamba la namna hii tochi ni kifaa cha usalama wa mwili wake kwanza, ndipo iwe cha kumulika mwizi.

Miaka yote walitumia tochi za mawe mawili makubwa (mawe ndiyo betri kavu zisizochajika), zile za bati zenye kitufe cha kusukuma pembeni. Kila mlinzi alipewa jozi moja ya mawe kwa wiki.

## Hesabu iliyoanzisha jambo

Mtunza fedha wa kikundi, mama makini anayeandika kila shilingi kwenye kaunta buku, ndiye aliyeliona. Jozi moja walikuwa wakiinunua Sh 2,400. Walinzi 8 kwa wiki ni Sh 19,200, na kwa wiki 52 ni Sh 998,400. Milioni moja kasoro kidogo, na mwisho wa mwaka hakuna kilichobaki mkononi isipokuwa mawe 832 yaliyokufa.

Mawe hayo yalitupwa chooni, shimoni na pembeni mwa shamba. Watoto waliyaokota na kuyapasua ili wapate ule unga mweusi wa kupaka ubao shuleni, kama tulivyofanya sisi zamani. Unga ule ni manganizi na kaboni, na hakuna mtoto anayenawa mikono baada ya kuushika. Mama yule alilisema hilo kikaoni kabla hata hajataja fedha, na nadhani ndiyo sababu watu walimsikiliza.

Mwenyekiti akaniita. Swali lake lilikuwa moja: “Fundi, hizi tochi za kuchaji zinafaa au hazifai?” Nikajibu zinafaa. Sikuuliza walinzi wanazitumiaje tochi walizonazo. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na mengi yaliyofuata yalitokana nalo.

## Tochi za kwanza

Mwezi Mei tulinunua tochi 8 kwenye duka moja mjini, Sh 15,000 kila moja, betri ikiwa ndani. Betri yenyewe ilikuwa ya aina iitwayo 18650. Namba hiyo ni vipimo tu: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, na ile sifuri ya mwisho huashiria umbo la mche wa duara. Betri za lithiamu za kuchaji zimekuwa sokoni tangu mwaka 1991, zilipotolewa kibiashara na Sony, na saizi hii ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta mpakato nyingi za zamani. Moja hutoa volti 3.7 hivi, na ikijaa hufika 4.2. Mawe mawili makubwa yakifuatana hutoa volti 3 yakiwa mapya.

Ubavuni mwake paliandikwa mAh 9,900, yaani miliampea 9,900 kwa saa moja. Nilipaswa kustuka palepale. Betri bora za saizi hiyo huzunguka 3,500, na za kawaida ni 2,000 hadi 2,600. Maandishi ya 9,900 kwenye 18650 ni uongo, kokote utakapoyakuta. Nilijua. Lakini bei ilikuwa nzuri, mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni na fedha mkononi, nami nikajiambia kwamba hata zikiwa na theluthi ya walichoandika zitatosha.

Wiki ya kwanza walinzi walifurahi kwelikweli. Mwanga ulikuwa mweupe, unafika mwisho wa mstari, na mtu akimulikwa analazimika kuziba macho. Wote walitumia ule mwanga mkubwa kabisa, kila walipowasha. Kuanzia wiki ya pili wakaanza kuniambia tochi zinakufa saa 4, saa 5 za usiku. Nikadhani hawazichaji vizuri. Nikawafundisha kuangalia taa nyekundu na ya kijani kwenye chaja, nikarudi nyumbani.

## Usiku wa waya

Katikati ya Juni, saa 8 usiku, mlinzi mkongwe kuliko wote alikuwa akitembea haraka kuelekea mahali aliposikia mtikisiko. Tochi ilikuwa inawaka vizuri, kisha ikazima. Haikufifia, haikupepesa. Macho yaliyokuwa yamezoea mwanga mkali hayakuona chochote, miguu bado iko kwenye mwendo, na hatua mbili mbele waya wa juu ukampasua juu ya jicho la kushoto. Alishonwa nyuzi 4 zahanati. Jicho lilisalimika.

Nilimfuata kwake kesho yake jioni. Nilikuta ameketi kwenye kigoda, bandeji kichwani, tochi yake ya zamani iko pembeni. Nilimwomba radhi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: “Mwanangu, ile ya zamani ilikuwa inaniaga kabla ya kuondoka. Ikianza kuwa ya njano najua nimebakiwa na saa moja, naanza kurudi kibandani. Hii yako inaondoka bila kuaga.”

Pale ndipo nilipoelewa. Jiwe la tochi hushuka volti polepole, kutoka 1.5 hadi chini ya 1, na mwanga hushuka nalo. Mlinzi alikuwa akiusoma ufifio ule kama dereva anavyosoma mshale wa mafuta. Lithiamu haiko hivyo: hukaa karibu na volti 3.7 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kisha mwishoni huporomoka ghafla, na sakiti ya kuilinda hukata umeme isije ikaharibika. Ukiisoma kwenye karatasi ya kiwanda hiyo ni sifa njema. Kwa mtu anayetembea kati ya waya ni hatari, na mimi niliyeijua tofauti hiyo sikuwa nimemwambia mtu.

Tukazirudisha tochi zote stoo, na kwa wiki 5 walinzi wakarudi kwenye mawe.

## Tulivyoamua upya

Nilizichukua betri zile 8 nikazipima kwenye mizani ndogo ya sonara. Betri ya kweli ya saizi hiyo huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Hizi zilikuwa na gramu 29, 30, na moja 27. Nikazipima pia ujazo kwa chaja yenye kioo, ile inayoimaliza betri na kuhesabu kilichotoka. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilitoa mAh 1,100. Kwa mwanga mkubwa hiyo ni kama saa mbili tu za kuwaka mfululizo.

Kikao cha pili tulikifanya kibandani kwa walinzi badala ya ofisini. Nilianza kwa kuwauliza swali nililopaswa kuliuliza Mei: tochi ikikusumbua, unafanya nini? Majibu yalinifunza zaidi ya miaka yangu ya ufundi. Wanaigonga kwenye kiganja. Wanabadilishana mawe ya mbele na ya nyuma. Wanachanganya jipya na kuukuu ili jipya “limsaidie mwenzake”. Wanayaanika juani mchana. Wanayatumia mpaka yaishe kabisa, kwa sababu kutupa jiwe lenye uhai ni kutupa fedha. Na la akiba linakaa mfukoni na funguo.

Kwa jiwe la zamani karibu yote haya yana mantiki. Joto la jua huharakisha kemia ya ndani, na kulipumzisha hulirudishia nguvu kidogo, kwa hiyo kuanika hakukuwa ushirikina. Kwa lithiamu karibu yote ni makosa, na mawili ni hatari: betri yenye chaji ikigusana na funguo mfukoni inaweza kupiga shoti na kumuunguza mtu paja, na ya joto kali nitaieleza mbele.

Maamuzi tuliyofikia yalikuwa haya. Betri mpya zingekuwa za kawaida, zenye maandishi ya kweli ya mAh 2,600, na kila moja ingepimwa uzito na ujazo kabla duka halijalipwa. Zilinunuliwa 16, Sh 8,500 kila moja. Tochi nazo zilibadilishwa, zikanunuliwa 10 za Sh 26,000. Ni za betri moja tu, ili pasiwepo nafasi ya kuchanganya kuukuu na mpya, na kitufe chake kina kitaa kinachogeuka chekundu chaji ikikaribia kuisha. Nilitaka kitu cha kuchukua nafasi ya ule ufifio. Chaja mbili za matundu manne zilikuwa Sh 60,000. Jumla Sh 456,000.

Fundi mmoja wa kompyuta alitushauri tuchukue betri zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu, kwa bei ya chini ya nusu. Hakuwa na nia mbaya, na nyingi huwa bado nzima. Nilikataa kwa sababu moja: zinahitaji mtu wa kuzipima mara kwa mara, na mtu huyo angekuwa mimi, ninayekaa mbali.

Uamuzi ulio bora kuliko wangu wote ulitoka kwa mzee mwenye mshono. Walinzi hukutana kibandani saa 6 usiku kunywa chai. Akasema saa hiyohiyo kila mtu abadilishe betri, iwe imeisha au haijaisha. Tukahesabu. Betri ya mAh 2,600 ina kama wati-saa 9.6, na kwenye mwanga wa kati, unaokula wati moja na kidogo, inakaa saa 7 au 8. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 ni saa 6 tu. Hakuna atakayefika mwisho wa betri akiwa kati ya waya. Na lithiamu haidhuriki kwa kuchajiwa ikiwa nusu. Afadhali hivyo kuliko kuikamua hadi mwisho. Ule ushauri wa “subiri iishe ndipo uchaji” ulitoka kwenye betri za nikeli za zamani.

Tulibakiza pia tochi mbili za mawe kibandani, zikiwa na mawe mapya ndani muda wote. Kuna wanachama walioona hatua hiyo ni kurudi nyuma. Mimi niliitetea, kwa sababu umeme hukatika, na siku ukikatika asubuhi mpaka jioni hakuna betri itakayojaa.

## Mavuno, na betri juu ya bati

Agosti na Septemba zilipita bila tochi kumzimikia mtu njiani. Kila asubuhi betri zilifika ofisini kwenye vikopo vya plastiki vya dawa, mbilimbili, mdomo umefungwa. Zilichajiwa juu ya sakafu ya saruji, mbali na mifuko ya salfa na maboksi. Hapo sina la kuongeza. Utaratibu ukienda vizuri hauna hadithi.

Oktoba, wakati wa jua kali la kabla ya mvua, nilipita kukagua. Betri nne za walinzi wawili zilikuwa na ganda lililojikunja kama la kitunguu kikavu, na moja limechanika juu karibu na ncha ya chanya. Nikauliza. Kijana mmoja akajibu kwa utulivu, bila kuficha, kwamba kwa wiki tatu amekuwa akizianika juu ya bati la kibanda kabla ya kuzileta kwenye chaja, “zipate joto zishike chaji vizuri”. Alikuwa ameajiriwa Septemba. Hakuwepo kwenye kikao cha Julai, na hakuna aliyemwambia.

Bati la Dodoma mwezi Oktoba saa 6 mchana haligusiki kwa kiganja. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa juu ya nyuzi joto 45, na joto kali lenyewe huizeesha hata ikiwa imelala tu. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni lile ganda. Mwili wote wa chuma wa betri hii ni hasi, hadi kwenye bega la juu, milimita chache kutoka kwenye ncha ya chanya. Kinachovitenganisha hapo ni pete ndogo na plastiki nyembamba kuliko ngozi ya nyanya. Ikichanika pale, kipande cha chuma chochote kikikaa vibaya kinaunganisha chanya na hasi. Nilizipima: zilizoanza na mAh 2,500 na kitu zilikuwa zimeshuka hadi 2,100 na 2,200. Nikaziondoa zote nne kazini siku hiyohiyo.

Mwezi huohuo kijana mwingine, kwa fedha zake, alinunua betri mbili ndogo za lithiamu zinazofanana kwa umbo na zile za kawaida za redio. Akaziweka kwenye redio yake ya volti 3. Ilipokea zaidi ya volti 7 na haijasema tena.

## Matokeo

Kwenye kaunta buku, mwaka ulifungwa hivi. Tochi za kwanza zilizopotea bure Sh 120,000, za pili na vifaa vyake Sh 456,000. Wiki 5 za kurudi kwenye mawe Sh 96,000. Mawe ya zile tochi mbili za tahadhari Sh 57,600. Matibabu ya mzee na siku alizokaa nyumbani, alizolipwa zote, Sh 45,000. Umeme wa kuchajia, nilivyoukadiria, kama Sh 13,000. Ukiyatoa haya kwenye Sh 998,400 za zamani, kikundi kiliokoa kama Sh 210,000. Mwanzoni mwenyekiti aliwatangazia wanachama kwamba wataokoa karibu Sh 880,000, na kuna waliomkumbusha.

Mwaka wa pili unaonekana mwepesi zaidi kwa sababu vifaa vipo. Hata hivyo betri hizi huvumilia mizunguko 300 hadi 500 ya kujazwa na kumalizwa kabla hazijachoka sana, na kwa matumizi yao hiyo ni miaka michache tu. Mtunza fedha ameanza kuweka Sh 6,000 kila mwezi kwenye bahasha ya betri.

## Uchambuzi

Watu wanaonisimulia visa kama hiki huanza na betri bandia. Ni kweli zilitugharimu, na mizani ya sonara ingetuepusha nazo kwa dakika tano. Lakini hata kama zingekuwa za kweli, mzee angeumia. Labda baadaye zaidi. Kilichomuumiza ni kwamba tulimnyang’anya onyo alilokuwa akilitegemea na hatukumpa lingine. Tulilinganisha bei, tukalinganisha mwanga, hatukulinganisha namna kila moja inavyokufa.

Kitaa chekundu nilichokitarajia sana kimesaidia kidogo tu. Mlinzi anayeangalia mbele haangalii kitufe chini ya kidole gumba chake. Kilichofanya kazi ni zamu ya saa 6 usiku, kwa sababu iliegemea kitu kilichokuwepo tayari: chai, kibanda, na watu wanaoonana uso kwa uso. Asiyebadilisha anaonekana na wenzake.

Kuhusu kuanika, tulidhani tumelimaliza Julai kwa maneno. Mafunzo ya mdomo yaliishia kwa waliokuwepo. Sasa mlinzi mpya hukabidhiwa tochi na yule mzee mwenyewe, na somo la kwanza humwonyesha kovu. Pia tumechora kwenye ukuta wa kibanda jua lenye alama ya mkasi (X), kwa kuwa si wote wanaosoma kwa wepesi.

Uamuzi wa kubakiza tochi mbili za mawe nitautetea popote. Zimetumika usiku tatu mpaka sasa, zote za umeme kukatika.

Tusilolimaliza ni taka. Mawe 832 kwa mwaka yamepungua hadi 48, na watoto hawana tena cha kupasua. Lakini betri hizi hazitupwi shimoni, na mtu akizitupa kwenye moto wa matawi ya mizabibu yaliyopogolewa zinaweza kulipuka. Ofisini kuna debe lenye mchanga mkavu. Ndani yake, ncha zikiwa zimezibwa kwa utepe, zimo betri 12: zile 8 bandia na nne zilizokaa juani. Mama mtunza fedha amebandika kikaratasi juu yake na tarehe ya kila moja ilipoingia, na kila nikifika huniuliza kama nimempata mkusanyaji mwenye kibali wa kuja kuzichukua.